Magurudumu Matatu ya Nathanael

Jumanne, 3 Agosti 1993

Leo nimeamua. Mwanangu Nathanael atapanda kigari. Atakuwa mtoto wa kwanza kusukumwa kwenye kigari hapa Kibaoni, na pengine Mpimbwe nzima, ingawa upande wa Majimoto sijauliza.

Sababu ni hii. Mke wangu Pelagia alipasuliwa tumbo mwezi wa sita huko Mpanda. Daktari akasema asiinue ndoo, asishike jembe, na asifunge mbeleko tumboni mpaka mwezi wa kumi. Nathanael ana miezi kumi na mmoja na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Mama yake akipotea machoni pake, analia mpaka anatapika. Basi Pelagia hatoki. Wiki ya saba sasa yuko ndani ya ua, anawatazama wenzake wakipita na vitenge vya kwaya.

Na Pelagia ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Tarehe kumi na tano ni sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, inaangukia Jumapili, na vigango vyote vitakwenda parokiani. Kilomita tano kwa miguu. Jana nilimkuta jikoni anaimba wimbo wa mwanzo peke yake, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeiba sukari. Aliponiona akajifanya anapuliza moto. Jambo hilo limeniuma sana. Nikaenda kununua chumvi.

Chumvi ilifungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha picha cha Wazungu. Katika picha, mama anatembea, amenyoosha mgongo, hana mzigo wowote mwilini. Mbele yake anasukuma kigari. Ndani yake mtoto mnene ametulia kama mwenyekiti wa kikao. Kigari kina magurudumu matatu.

Nikamimina chumvi mfukoni ili karatasi isichafuke. Pelagia ameuliza chumvi iko wapi. Nimemwambia asubiri, kuna makubwa yanakuja.

Jumatano, 4 Agosti

Makarius amekuja kutazama karatasi. Makarius ni jirani yangu na mwalimu wa kwaya. Anajua kila kitu duniani isipokuwa mahali ilipo pampu yangu ya baiskeli, aliyoiazima tangu Pasaka.

Akasema kigari kile kina magurudumu manne. La nne liko kwenye kipande kilichochanika, limebaki kwa mwenye duka. Nikamwambia mimi nahesabu ninachokiona. Akasema hata ng'ombe wa pembeni kwenye picha yuko nusu, lakini hakuna anayefuga nusu ng'ombe. Watu wawili waliokuwa wanapita wakacheka. Walikuwa wanapita tu, haiwahusu.

Sikukasirika. Nimekaa nimefikiri kisomi. Kigoda cha marehemu baba kina miguu mitatu. Kiweke mwambani, kiweke shambani, kiweke juu ya kichuguu: hakichezi. Meza ya ofisi ya kijiji ina miguu minne na imewekewa kipande cha tofali. Ardhi ya kwetu si ya miguu minne.

Nimechagua matatu. Nimemwandikia Makarius sababu zangu kwenye karatasi na kuipitisha chini ya mlango wake. Mkewe amewashia moto.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Felisiani, fundi baiskeli wa sokoni. Nimemwonyesha picha. Ameitazama kwa heshima, kisha akauliza magurudumu yatatoka wapi. Swali zuri. Nilikuwa sijafika hapo.

Mawili ya nyuma tumeyatoa kwenye baiskeli yangu. La tatu, la mbele, Felisiani alikuwa nalo: gurudumu la toroli, dogo, imara. Alitaka jogoo. Ninaye jogoo mmoja tu, mwekundu, na huyo amewekwa kwa ajili ya mama mkwe, anayekuja keshokutwa kutoka Majimoto. Mama mkwe akija, jogoo anachinjwa. Hilo halina mjadala kwetu.

Nikatafakari. Jogoo analiwa siku moja. Gurudumu linazunguka miaka. Nikampa jogoo.

Nimerudi nyumbani nimebeba fremu ya baiskeli begani. Pelagia aliitazama fremu, akanitazama mimi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, kwa upole wake ule, kama baiskeli hiyo, ilipokuwa na magurudumu, isingeweza kumbeba yeye kwenye keria na mtoto mapajani, nami nikiikokota taratibu mpaka parokiani.

Nimelifikiria wazo hilo jioni yote. Lina kasoro moja: limechelewa.

Jumamosi, 7 Agosti

Mama mkwe amefika juu ya lori la mpunga. Bibi Angela. Mwembamba, magoti mabovu, macho mazima kabisa.

Mimi na yeye tunaheshimiana inavyotakiwa. Hatutazamani, hatupeani vitu mkono kwa mkono, hatukai mkeka mmoja. Akiwa na neno kwangu, anamwambia Nathanael. Nathanael hajui kusema, lakini ujumbe unafika.

Leo amemwambia Nathanael amwambie baba yake kwamba safari ilikuwa nzuri. Kisha akamwambia amwambie baba yake kwamba hajasikia jogoo akiwika hapa nyumbani. Kisha amuulize baba yake kama jogoo anaumwa.

Nilimwambia Nathanael amwambie bibi yake kwamba jogoo amesafiri. Mama mkwe amekula mchicha. Amemwambia Nathanael kwamba mchicha ni mtamu. Sijawahi kuona aibu kama leo.

Jumatatu, 9 Agosti

Kimekamilika! Mbao za mninga chini. Nyuma magurudumu ya baiskeli, mbele lile la toroli. Mpini wa kusukumia umetoka kwenye usukani wa baiskeli yangu, kengele ikiwepo. Pa kukalia ni tenga la kuku, nimelisugua kwa majivu mara tatu na kulitandikia kanga.

Sikutaka kumhatarisha mtoto. Nimefanya jaribio kwa boga. Nimechagua boga lenye uzito wake, nimelivalisha kofia ya Nathanael, nimelifunga kwa kamba. Nikakipeleka kigari kwenye kile kiteremko cha kisimani.

Limejulikana jambo: kigari hakina breki.

Boga lilipasuka vipande vinne. Kofia ni nzima. Mama mkwe akalipika, maana chakula hakitupwi. Sote tumekula isipokuwa Pelagia. Anasema hawezi kula kitu alichokiona kimevaa kofia ya mwanawe. Alimpakata Nathanael muda mrefu baada ya hapo, akimnusa kichwani. Nami nikaenda kufunga kipande cha tairi kuukuu kwenye gurudumu la mbele kiwe breki. Nimekibana kwa nguvu zangu zote. Mtoto wangu hatapasuka.

Jumatano, 11 Agosti

Safari ya kwanza. Mazoezi ya kwaya, kigangoni, mwendo wa nusu saa. Pelagia alivaa kitenge cha kwaya kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Alipaka mafuta. Alikuwa mzuri mno, na nilimwambia hivyo, naye akaniambia nitazame njia.

Ningemsikiliza ingekuwa afadhali. Njia yetu katikati ina mtaro mwembamba, umechimbwa na matairi ya baiskeli miaka nenda rudi. Kina cha kiganja. Gurudumu la mbele la kigari cha magurudumu matatu liko katikati. Mtu mwingine angeliona hilo mapema. Mimi nililiona lilipotumbukia.

Likishatumbukia halikati kona. Linakwenda mtaro unakokwenda. Kwenye njia panda, kulia ni kigangoni, kushoto ni kwingine. Na baiskeli za Kibaoni jioni zinakwenda wapi? Hazikati kulia.

Nilivuta. Nilisukuma. Nathanael alikuwa anapiga kelele tangu nyumbani, sasa akawa analia na kurusha miguu, na kila akirusha tulikwenda kasi zaidi, maana breki ilikuwa imeanguka kwenye majani. Tuliingia kilabu cha pombe sote wawili, mimi na mwanangu, kengele inalia. Watu wakatupisha. Mzee mmoja akaweka kibuyu chake ndani ya tenga akidhani ni huduma mpya.

Katekista Gelasius alikuwa anapita barabarani na vitabu vyake vya nyimbo. Akasimama. Tumsifu Yesu Kristo, akasema. Milele amina, nikajibu, nimeshika mpini. Akauliza kama si mapema mno kwa mtoto.

Nilipogeuka nilimwona Pelagia amesimama njia panda. Nikajua analia. Nilipomkaribia nikaona anacheka. Mkono mmoja mdomoni, mwingine ameshika mshono wake, maana kucheka kunamuuma. Machozi yanatiririka. Sijamwona akicheka hivyo tangu hospitali. Akaniomba nisimchekeshe tena, atafumuka.

Kwa hiyo safari ilikuwa na faida. Lakini mazoezi yalitupita. Tulirudi nyumbani, yeye amekaa chini mara tatu njiani kumnyonyesha Nathanael anyamaze, mimi nimebeba kigari kichwani na mtoto kwapani.

Alhamisi, 12 Agosti

Makarius amekuja, amevaa uso wa huruma. Anasema kwaya haiwezi kungoja. Jumapili Pelagia akiwa amefika parokiani kabla ya kengele ya pili, ataanzisha yeye. Asipofika, ataanzisha dada yake. Dada yake Makarius sauti yake ninaijua. Mbuzi wetu pia wanaijua.

Akaongeza kwamba kigari kingekuwa na magurudumu manne, mawili yangepita kulia kwa mtaro na mawili kushoto, na mtoto angefika kanisani. Nimemuuliza pampu yangu iko wapi. Akaaga.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku tatu za kazi bila kupumzika. Nimejaza mchanga kwenye mtaro wa njia: baiskeli mbili zimepita zikauchimba upya. Nimejaribu kukivuta kigari kinyumenyume: kinakwenda vizuri, ila mimi nilianguka kwenye shimo la matofali. Nimemnyamazisha Nathanael ndani ya tenga kwa muwa, kwa kengele, kwa kucheza mbele yake nimevaa sufuria. Analia tu. Mama yake akiketi, akamshika mkono, bado analia. Mama mkwe akimpachika mgongoni, kimya, usingizi. Mara anakoroma.

Asubuhi kuku amekutwa ndani ya tenga ametaga. Kuku angalau anakielewa kigari.

Mama mkwe akamwambia Nathanael amwambie baba yake kwamba mtoto hataki magurudumu, anataka mgongo. Kwamba mgongo wa mama una mshono. Kwamba mgongo wa bibi hauwezi kilomita tano, magoti yakikubali kujibeba yenyewe atamshukuru Mungu. Kisha akawa anachambua mchele. Baadaye kidogo akamuuliza Nathanael kama ndani ya nyumba hii hakuna mgongo mwingine.

Nilijifanya sikusikia. Mwanamume kufunga mbeleko! Kibaoni hapa, Jumapili, mbele ya vigango vyote, mbele ya Makarius! Baba yangu hakunibeba hivyo hata siku moja. Alinibeba begani kama gunia, kwa heshima. Nilimjaribu Nathanael begani. Alinitapikia shingoni.

Jioni Pelagia akakunja kitenge cha kwaya. Akakirudisha sandukuni, taratibu, kona kwa kona. Akasema haidhuru, sikukuu itakuwepo na mwaka ujao, na kwamba nisihangaike tena, nimejitahidi. Kisha akasema ahsante.

Angenitukana ningelala. Hiyo ahsante ndiyo imenimaliza. Nimekwenda sandukuni, nimekitoa kitenge, nimekitundika ukutani. Nimemwambia Nathanael amwambie bibi yake kwamba mgongo umepatikana.

Jumapili, 15 Agosti

Alfajiri tulianza kufunga. Mama mkwe haruhusiwi kunigusa, wala mimi kumtazama. Akampachika mtoto mgongoni mwangu huku uso wake ameuelekeza ukutani. Alimwambia Nathanael amwambie baba yake ainame. Ainame zaidi. Asibane pumzi, hafungwi gunia. Pelagia akapitisha kitenge chini ya makalio ya mtoto, akakifunga kifuani kwangu, akalipigapiga fundo. Nathanael akalia mara moja. Akasogeza shavu huku, akasogeza kule. Akapata mahali. Kimya.

Nilisimama hapo katikati ya chumba nisijue la kufanya na mikono. Pelagia aliniuliza nina nini. Nimemwambia vumbi.

Juu yake nilivaa koti la marehemu baba, refu hadi magotini, nimelifunga vifungo vyote. Mpango wangu ulikuwa rahisi: watu waone koti, wasione mtoto. Kigari pia nilikichukua, nimeweka kigoda cha mama mkwe na chakula, ili wajue tunacho. Kwenye kila njia panda nililinyanyua gurudumu la mbele mtaroni. Kumbe ni hivyo tu.

Kilomita ya pili, mama mkwe akasimama. Akaongea na mgongo wangu. Alimwambia Nathanael amwambie baba yake kwamba magoti yamekataa, nyie nendeni, yeye atakaa hapa mpaka mturudie. Pelagia akakaa naye chini. Akasema mama yake haachwi porini. Nikasikia kwa mbali kengele ya kwanza.

Hapo nikatoa kigoda na chakula, nikang'oa kamba, nikasogeza kigari karibu, nikageuka kutazama upande mwingine. Nyuma yangu nikasikia tenga linalia, krii. Mama mkwe amekaa. Akamwambia Nathanael amwambie baba yake kwamba yuko tayari.

Na angalia jinsi kilivyotengenezwa! Aliyekaa anatazama mbele. Anayesukuma yuko nyuma. Hatutazamani, hatugusani, hakuna heshima iliyovunjika hata chembe. Wazungu wale wana akili sana na wakwe zao. Nilisukuma. Pelagia alitembea kando yangu na kigoda kichwani, mikono mitupu, mgongo umenyooka kama yule wa kwenye karatasi. Kisha akaanza kuimba. Kwa sauti yake yote.

Tuliingia uwanja wa kanisa kabla ya kengele ya pili. Watu mia tatu wakageuka. Makarius akatutazama: mama mkwe kwenye tenga, ameshika rozari, mimi nyuma nimevaa koti juani, jasho linachuruzika, nina nundu. Akauliza kwa upole kama nimeumwa na nyuki. Nundu ikapiga chafya.

Basi. Nilifungua vifungo. Nikavua koti mbele ya vigango vyote. Wanaume wengi walicheka. Wanawake hawakucheka kama nilivyotarajia. Katekista Gelasius alisema Mungu akubariki, Baba Nathanael, na ninaamini alimaanisha.

Pelagia akaenda mbele kwenye kwaya. Mtoto akaamka, mama haonekani, nikasikia anavuta pumzi ya kulia. Ndipo Pelagia akaanzisha. Peke yake kwanza, wimbo wa mwanzo, ule wa jikoni, sasa hauibwi tena. Nathanael akaachia pumzi. Akaweka shavu lake katikati ya mabega yangu, akawa anaguna naye, muungurumo mdogo, niliusikia ndani ya mbavu zangu. Kisha akanikojolea. Ibada nzima nilisimama hivyo, nimelowa, na nisingebadilishana na mtu yeyote ndani ya kanisa lile, hata padre.

Nimeelewa. Mtoto hakutaka kigari kwa sababu kigari hakina joto. Nimeliandika hapa ili nisisahau.

Jumanne, 17 Agosti

Mama mkwe anaondoka kesho. Amemwambia Nathanael amwambie baba yake kwamba kigari ni kizuri mno, kwamba Majimoto kanisa ni mbali na nyumba yake, na kwamba lori lina nafasi. Mkwe hanyimwi. Kigari kinakwenda Majimoto, na magurudumu ya baiskeli yangu, na la toroli lililonigharimu jogoo, na kengele. Kuku wangu amekubali kwenda nacho, amelala juu ya mayai mawili, hataki kutoka.

Makarius amekuja kunipa mkono. Amesema Jumapili aliona jambo. Nilimwambia na mimi nimeona. Ninaona sasa kwamba shida haikuwa kigari, ilikuwa joto. Kigari kipya kitawekewa tofali la moto chini ya kiti, limefungwa kwenye gunia. Na magurudumu matatu yalikuwa mengi. La mbele ndilo lililotuponza. Yakiwa mawili tu, ubavuni, mtaro unapita katikati na haugusi kitu. Baiskeli ya Makarius ina mawili mazuri. Nimemwomba aniazime. Amekumbuka ghafla ilipo pampu yangu, ameifuata mbio, na hajarudi.

Pelagia ana mazoezi saa kumi. Nitampeleka, kwa kuwa kigari kipya bado. Nathanael amelala mgongoni kwangu tangu mchana. Mistari hii imepinda kwa sababu ninaandika nimesimama, daftari juu ya dirisha, maana nikikaa anaamka. Mgongo ni wa muda tu, mpaka nipate tofali.